Mguu wa Athieng

Lodwar,
14 Machi 1998

Mpendwa Athieng,

Ejok? Mimi sijambo, ila wodi imepoa tangu uondoke na domo lako. Kwenye kitanda chako namba sita amelala mzee kutoka Lokori aliyeangushwa na ngamia, na tangu afike hajasema neno zaidi ya "maji". Pengo lako naliona, nimekubali.

Sasa nisikilize, maana najua barua hii unaisoma ukiwa na uzi mdomoni na cherehani mbele yako. Mfupa wa paja lako la kulia ulikataa kushika kwa miaka miwili. Mwezi uliopita tumekufungua mara ya pili, tumekuwekea bamba jipya la chuma na skrubu nane. Hiyo ni kazi ya fundi tu. Chuma kinashikilia, lakini mfupa ndio unaopona, na wako ulikuwa umelala. Ndiyo maana Daktari amekuingiza katika wagonjwa kumi na wawili wanaojaribiwa dawa mpya ya kujenga mfupa. Sindano moja kila asubuhi, siku mia moja na themanini. Ya kwanza ulipata tarehe tano Machi, ya mwisho utapata tarehe thelathini na moja Agosti. Ukiruka hata moja nitakuja Kakuma na fimbo.

Chupa zikae kwenye baridi. Erupe, dereva wa lori letu, atakuletea kasha la barafu kila wiki mbili, na barua zetu atabeba yeye. Mimi uso wa mtu nausahau mapema, lakini mfupa niliouona kwenye picha siusahau, na wako nataka niuone umenyooka. Ukimaliza uje nikuandikie cheti cha kuruhusiwa. Bila cheti changu bado u mgonjwa wangu, hata ukilala wapi.

Sista Nakeno Emuria,
Wodi ya Mifupa


Kakuma,
25 Machi 1998

Sista Nakeno, mkali wangu,

Ejok-noi! Hilo nimefundishwa na mama wa Kiturkana anayeniletea kuni, kwa hiyo usinicheke.

Uzi nilikuwa nao mdomoni kweli, nikautema kwa heshima yako. Chupa zako zinalala kwenye friji ya mafuta ya taa ya Warsame mwenye duka, katikati ya soda. Amezifunga kitambaa chekundu ili mtu asije akanywa mfupa wangu kwa bahati mbaya. Anayenidunga ni mdogo wangu Adut. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuja kunichukua hospitalini na hakufungua mdomo. Wewe mwenyewe ulimfundisha kwa kudunga ndimu. Ana mkono mwepesi, ila kila akimaliza hukohoa kama mtu aliyeiba. Tulikimbia vita kwetu Bor wawili tu, njiani nikambeba, njiani akanibeba, na hatuna mtu mwingine.

Nikwambie ninachotaka na huo mguu? Nataka kuimba kanisani nikiwa nimesimama. Miaka miwili naimba kwenye kwaya nimekaa kwenye benchi na vikongwe, wenzangu wanarusha miguu mbele yangu hadi vumbi linaniingia kooni. Nimechoka kukaa, Sista. Siku nitakayosimama, sitakaa tena.

Homa imeingia humu kambini mwa wakimbizi baada ya zile mvua. Adut anasema hata mimi niko moto. Nimemwambia hilo ni jua la kwenu.

Wako mwenye skrubu nane,
Athieng


Kakuma,
20 Aprili 1998

Kwa Sista Nakeno,

Salamu. Barua yako ya tarehe sita na makasha mawili vimefika. Chupa zote ni nzima.

Sindano zimefika arobaini na saba. Hakuna iliyorukwa. Kwa hesabu yangu zimebaki mia moja thelathini na tatu. Naomba uhakikishe.

Mguu unauma. Nadhani ni vizuri.

Nina swali. Dawa hii inafuata mwili wa mtu, au inafuata jina lililoandikwa kwenye kasha? Naomba ujibu hilo kabla ya mengine.

Athieng


Lodwar,
2 Mei 1998

Athieng, umekuwa karani siku hizi?

Barua gani hiyo! "Salamu. Naomba uhakikishe." Nilidhani imetoka kwa mkuu wa wilaya. Hata mwandiko umesimama wima, sasa unaandikia mezani siyo kitandani, na hilo limenifurahisha. Lakini utani wako umeuweka wapi? Kama homa ilikuzidi, niambie, usinifiche.

Hesabu yako ni sahihi. Mguu kuuma ni dalili njema, mfupa umeamka. Na swali lako limenichekesha hadi nikamsomea Daktari. Dawa haijui kusoma, mpenzi. Inaingia inapodungwa, basi.

Wiki ya kwanza ya Juni kuna gari lenye mashine ya eksirei litakuja kambini. Pigwa picha ya paja, umpe Erupe. Nina hamu nayo kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Nakeno


Kakuma,
24 Mei 1998

Kwa Sista Nakeno,

Zimebaki tisini na tisa.

Homa imekwisha. Mguu ni mzito. Nachechemea kila siku, asubuhi zaidi. Mahali pale, vidole vinne juu ya goti, pana baridi. Saa saba mchana mchanga unachoma hadi kupenya ndara, na pale pana baridi. Nikishika ngozi ni ya moto. Baridi iko ndani kabisa, kama kuna chuma kilicholala majini.

Mbuzi wa yule mama wa kuni zamani walikuwa wakinikanyaga wakitafuta maganda. Sasa nikitoka wananipisha wote kwa pamoja. Mbwa wa Warsame akiniona hubweka, lakini hanitazami mimi. Anatazama nyuma yangu, chini kidogo, pale ambapo mtu mfupi angekuwa na uso.

Ulisema dawa haijui kusoma. Nimelifikiria sana hilo na sikubali.

Picha nitapigwa.

Athieng


Lodwar,
12 Juni 1998

Wewe unayeandika,

Picha imefika jana. Nimeiweka kwenye kioo chenye taa, nikaiondoa, nikafuta kioo, nikaiweka tena.

Mfupa mpya upo. Vidole vinne juu ya goti, mweupe, mnene, umezunguka vizuri pande zote, ndivyo nilivyokuwa naomba kila Jumapili. Lakini bamba halipo. Skrubu nane nilizozihesabu mwenyewe kwenye sinia hazipo, wala tundu la skrubu hata moja. Chuma hakiyeyuki mwilini mwa mtu. Tena mfupa wenyewe ni mrefu na mwembamba. Nimelala na mfupa wa Athieng kichwani mwangu miaka miwili, nauota, najua ulivyopinda. Huu si wake.

Nimemuuliza Erupe kama alichanganya picha. Ameapa. Anasema alipewa mkononi na mwanamke mrefu anayechechemea mguu wa kulia, na amekuwa akimpa mwanamke huyohuyo makasha tangu Aprili. Athieng hafiki begani kwangu.

Wewe ni nani? Athieng wangu yuko wapi?

Nakeno Emuria


Kakuma,
20 Juni 1998

Sista Nakeno,

Jina langu ni Adut.

Athieng alikufa tarehe mbili Aprili, Alhamisi. Ilikuwa malaria, ilimpanda kichwani kwa siku mbili. Saa moja asubuhi nilimdunga sindano ya ishirini na tisa, na hakujua ni mimi. Saa nne alikufa nimempakata.

Usidhani ni dawa yako. Watu saba wa mtaa wetu walikufa wiki hiyo kwa homa ileile. Na usidhani nilitaka kupata kitu. Kadi yake ya chakula niliirudisha siku ya tatu, waulize.

Nitakueleza na wewe utaamua. Kwetu mwanamume akifa hajaoa, ndugu yake humwolea. Mke ni wa marehemu, watoto ni wa marehemu, wanaitwa kwa jina lake, na hakuna anayecheka. Tunasema tumesimamisha kichwa chake. Mtu asiyesimamishwa anabaki pale alipoishia. Najua mwanamke hafanyiwi hivyo, wazee wangenifukuza. Lakini Athieng hakuacha mume wala mtoto wala ndama. Kitu kimoja tu alikiacha katikati, sindano mia moja hamsini na moja.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikwenda kwa Warsame kumwambia azimwage chupa zilizobaki. Akanipa kile kifurushi chenye kitambaa chekundu, akanipa pole. Nikashindwa kusema. Nikarudi nacho, nikajidunga paja la kulia, nikaandika thelathini, kisha nyingine, nikaandika thelathini na moja, kwa sababu siku moja ilikuwa imepita. Tangu hapo sijaruka.

Barua zako nilizijibu kwa jina lake maana zilikuwa zake. Utani sikuweza. Utani alizaliwa nao yeye.

Nisamehe kwa uongo. Kwa sindano siombi msamaha.

Adut


Lodwar,
27 Juni 1998

Adut,

Nimelia mbele ya wagonjwa, jambo ambalo sijafanya tangu mama yangu afe. Halafu nikakasirika, nikakuandikia barua ya matusi, nikaichana. Sina haki ya kukutukana. Nami nina langu la kukiri.

Tarehe ishirini Mei ilikuja barua kutoka ng'ambo, kwa wanaoitengeneza dawa. Panya waliodungwa dawa hii kwa muda mrefu wameota saratani kwenye mifupa. Daktari alisema tungoje amri, panya si watu. Kasha lenu lilikuwa limeshafungwa. Ningeweza kulizuia. Nililipandisha kwenye lori kwa mikono yangu, na lililofuata pia, kwa sababu nilitaka mfupa wa Athieng ushike na nilitaka nionekane mimi ndiye niliyeushikisha. Hukusikia neno kutoka kwangu. Wiki hii amri imekuja, dawa isimamishwe kwa wote. Wengine kumi na mmoja nimewaambia.

Sasa fikiria mimi naitazamaje picha yako. Nilipodhani ni ya Athieng, ule mfupa mpya ulikuwa ni kupona. Lakini wewe hujavunjika. Hakuna kilichokuwa kinahitaji kupona hapo. Basi kilichoota ni nini? Naogopa, Adut. Nasema wazi, naogopa.

Usijidunge tena, hata kesho. Panda lori la Erupe uje tukukate kipande kidogo cha mfupa kipimwe Nairobi. Ikiwa ni ule ugonjwa, tukichelewa tutakata mguu, na tukichelewa zaidi hatutakuwa na cha kukata. Nimeshazika mmoja wenu bila kujua. Wa pili sitaki.

Nakeno


Kakuma,
5 Julai 1998

Sista Nakeno,

Nimeisoma mara nyingi. Sikukasirikii kuhusu panya. Ulimpenda, nimeona.

Siji. Zimebaki hamsini na saba.

Sikukwambia yote. Mimi hufagia mbele ya kibanda kila jioni, hiyo ni kazi niliyofundishwa na Athieng, hawezi kuvumilia takataka. Asubuhi ya nne baada ya mazishi nilifungua mlango nikakuta alama kwenye vumbi nililolifagia. Unyayo wa kushoto, mdogo, na matundu mawili ya magongo. Unyayo, matundu mawili. Zimezunguka kibanda mara moja na kusimama mlangoni. Magongo yake tulimzika nayo, kwa hiyo usiniambie kuna mtu anayachezea.

Zimekuja kila asubuhi. Mwanzo mguu wa kulia haukugusa chini kabisa. Mwezi wa tano nikaona vidole vya kulia, vitano, vimegusa kidogo tu. Ulipokuwa unaniambia dawa haijui kusoma, mimi nilikuwa nimeinama natazama vidole hivyo. Mwezi wa sita ukaja unyayo mzima. Tangu wiki iliyopita tundu ni moja, la upande wa kulia. Ametupa gongo moja, Sista.

Mama wa kuni ameziona pia. Siku hizi anaweka kuni mbali, kwenye ua wa jirani.

Nikiacha leo, atabaki na gongo moja milele. Mimi nina miguu yangu. Kama mmoja utakatwa, nitakuwa sawa na alivyokuwa yeye, na yeye atakuwa amesimama.

Adut


Lodwar,
13 Julai 1998

Adut mdogo wangu,

Nilipofika kwenye nyayo nilifunga mlango wa ofisi, mchana kweupe. Sitakwambia hukuona. Mimi ni Mturkana, bibi yangu alikuwa akisoma matumbo ya mbuzi na kujua nani anakuja, nami nimekulia humo kabla ya kuvaa sare nyeupe.

Lakini kuna jambo ambalo wewe hulijui, na mimi nalijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Hapa mtu haondoki kwa kumaliza sindano. Tumekuwa na waliomaliza wakabaki langoni siku tatu, mlinzi hawafungulii, kwa sababu hawana cheti. Na tumekuwa na waliokatishwa dawa katikati wakaenda zao, kwa sababu nimeandika wamepona. Ninayeandika ni mimi. Faili la Athieng liko wazi mezani pangu tangu Machi. Nilimwambia mwenyewe kwamba bila cheti bado ni mgonjwa wangu. Yeye ni mtu wa kushika neno, anangoja. Anayemzuia ni mimi, siyo hizo sindano.

Nimeandika cheti. Muhuri ni wa kweli, saini ni ya kweli. Msomee kwa sauti.

*CHETI CHA KURUHUSIWA*

*Jina: Athieng Lueth. Kitanda: namba sita. Mguu: wa kulia, paja.*

*Mgonjwa aliwekewa bamba na skrubu nane. Alianza dawa tarehe tano Machi. Dawa imesimamishwa kwa amri ya daktari na haidaiwi tena na mtu yeyote, wala yeye, wala aliyesimama mahali pake. Nimeutazama mguu. Umeshika. Anaruhusiwa kutembea bila gongo, kusimama kwa muda anaotaka, na kuondoka.*

*Athieng, ulikuwa mgonjwa wangu mbishi kuliko wote na nilikupenda. Nenda, mama. Niachie mdogo wako nimtibu.*

*Nakeno Emuria, Muuguzi Msimamizi*

Ukishasoma, Adut, uje. Nakusubiri wewe sasa, siyo yeye.

Nakeno


Kakuma,
22 Julai 1998

Sista Nakeno,

Nimemsomea juzi asubuhi, pale kwenye makaburi ya upande wa laga, ule mto mkavu. Upepo ulikuwa mkali, nililazimika kupiga kelele kama mnadi. Nilipofika "kuondoka" upepo ulikatika, vumbi likaanguka chini lote kwa pamoja. Nilimalizia kwa sauti ya kawaida. Cheti nimekifukia hapo.

Siku hiyo sikujidunga. Ni mara ya kwanza.

Jana nilifungua mlango. Nyayo mbili, za kushoto na za kulia, sawasawa, zote zimekanyaga hadi kisigino. Hakuna tundu. Mbele ya mlango vumbi lilikuwa limechimbika na kusambaa, kama pale kwaya inaporusha miguu. Halafu zimetoka uani kuelekea barabara ya Nadapal, ile ya kurudi kwetu. Nilizifuata nikichechemea hadi lagani. Upande wa pili mchanga ulikuwa safi, nikaita, nikarudi.

Leo asubuhi vumbi lilikuwa kama nilivyoliacha. Nimekaa mlangoni nikalia. Sikuwa nimemlilia, Sista. Miezi minne watu waliona sina machozi wakanisengenya. Leo nimemlilia kama mtu aliyekufa, na mama wa kuni amekuja akakaa nami.

Chupa zilizobaki anazo Erupe. Safari yake ya wiki ijayo nitakuja naye.

Adut


Lodwar,
2 Septemba 1998

Adut mdogo wangu,

Tangu nikurudishe Kakuma na bandeji yako sijalala vizuri. Majibu ya Nairobi yamefika leo. Si saratani. Nimeyasoma nikiwa nimesimama, nikamsomea Daktari, nikamsomea hadi yule mzee wa ngamia, ambaye kwa mara ya kwanza amesema neno lingine, amesema "vizuri".

Ni mfupa mpya wa kawaida, mzima, hauna doa. Utaendelea kulainika wenyewe na baada ya mwaka mmoja hutachechemea tena. Tutakupiga picha kila miezi mitatu kwa sababu ya ile dawa, na safari hii sitaficha kitu. Furahi kwanza kabla hujasoma yafuatayo.

Mtaalamu wa maabara ameandika kwamba ni ufa uliopona, ufa wa kweli, umekatiza mfupa karibu wote. Anakadiria una miezi minne. Amesifu ulivyopona haraka, na ametaka kujua ulitokana na nini. Daktari pia ananiuliza. Nimekufungulia kadi yako mwenyewe, yenye jina lako, Adut, na ina mstari unaosema: "Aliumia lini na vipi." Nimeuacha wazi.

Ulipokuwa hapa nilikuuliza mara tatu kama uliwahi kuanguka au kugongwa. Mara zote tatu ulitazama dirishani. Sikukusukuma. Lakini nimeshaandika vya kutosha visivyo vya kweli mwaka huu, na kadi yako nataka iwe safi. Niambie niandike nini, nami nitaandika hivyohivyo.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma,
9 Septemba 1998

Dada Nakeno,

Barua nimeipata. Warsame alidhani nimepata habari za msiba kwa jinsi nilivyopiga kelele. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo kwa Kiswahili.

Kwenye kadi andika tarehe mbili Aprili, saa nne asubuhi.

Sikukwambia kwa sababu sikuwa na namna ya kulisema ukaniamini, na mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, miguu nimenyoosha. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu. Alivuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Hapo paja langu la kulia likalia. Maumivu yalikuja baadaye, kwanza ilikuwa sauti. Wanawake watatu walikuwa kibandani na wote waliisikia, mmoja akageuka kuuliza nani anavunja kuni ndani. Hakuna aliyekuwa amenigusa. Nilipotaka kuinuka nimnyooshe mikono, mguu ulikataa. Kaburini nilifikishwa nimeshikwa mabega na watu wawili. Walisema ni huzuni, nikawaacha waseme.

Niliyokueleza juu ya kumsimamisha ni kweli. Lakini siku ile kwa Warsame nilishindwa kusema azimwage kwa sababu nilikuwa nimeshikilia meza yake nisianguke, na mguu wangu ulikuwa unauma palepale alipokuwa akiumwa yeye. Nilijua ile ni dawa ya nini.

Umeuliza pia niliumia vipi. Andika hivi, wala usiongeze: alikuwa amekaa na dada yake.

Adut